Mikono Mitatu kwenye Kikombe

Inspekta Régina Salumu alirudi Kabambare akiwa na matope hadi kiunoni na mshukiwa mmoja pungufu. Mshukiwa huyo alikuwa Michel, mgema. Michel ndiye aliyeleta pombe ya mchikichi kwenye matanga ambako Antoine, mwenye matanga, alikunywa kikombe kimoja akaanguka akafa, na kesho yake alionekana juu ya pikipiki akielekea Salamabila. Kabambare nzima ikasema amekimbia. Régina akamfuata kwa barabara ambayo ni aibu kuiita barabara, akamkuta shimoni akichimba dhahabu na wanawe kama alivyofanya miaka yote. Hakuwa amekimbia mtu. Zamu yake ya kuchimba ilikuwa imefika. Tena siku ya matanga alikuwa wa kwanza kunywa, mbele ya macho ya watu, na pombe iliyobaki kibuyuni ilimalizwa na nusu ya ukoo, katekista akiwemo, wala hakuna aliyeumwa hata tumbo.

Michel alimwambia jambo moja tu la maana, na hata hilo alilisema bila kuulizwa. Antoine alikuwa amewaambia wachimbaji kwamba baada ya matanga ya mama yake atamnyang'anya mdogo wake Fabrice usimamizi wa shimo, ampe mtu mwingine aitwaye Iliasi, na kwamba atalitangaza hilo mbele ya ukoo. Régina alilisikia akalipokea bila hamu, kwa kuwa Salamabila hakuna shimo lisilo na ugomvi wa namna hiyo.

Mbele ya kituo cha polisi watu wa Antoine walikuwa wamekaa barabarani. Hawakupiga kelele, na hilo ndilo lililomkera Régina zaidi, maana mtu anayepiga kelele utamjibu, lakini anayekutazama tu utamfanya nini? Vijana walikuwa na mapanga na hakuna aliyekuwa akienda shamba. Mwanamke mmoja mwenye kitenge cha msiba alimuuliza kama ameleta kamba mpya kutoka Salamabila, kwa sababu ile iliyomfunga muuaji imeanza kuchakaa. Wengine wakacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha yoyote, na Régina akapita katikati yao akiwa amekasirika.

Ndani, Komanda Christophe, mkuu wa polisi wa pale, alikuwa ameshaandaa pikipiki mbili. Mtuhumiwa aliyebaki, msichana aliyefungiwa chumba cha nyuma, alipaswa kupelekwa Kasongo siku hiyo hiyo, kwa mwendesha mashtaka, na kilichokosekana ni sahihi ya Inspekta tu kwamba upelelezi umekwisha. Régina alimuuliza habari za Lusangi, kijiji cha njiani kuelekea Kasongo. Christophe akajibu kwamba ndiyo, Lusangi vijana wameweka kizuizi cha magogo, wanasimamisha kila pikipiki.

"Wanatafuta nini?"

"Wanatafuta mwanamuke aliyefungwa kamba," alisema Christophe, kwa sauti ya mtu anayeeleza kwamba mvua itanyesha.

Kwa hiyo wote wawili walijua. Msichana akiondoka pale akiwa na askari wawili wenye bunduki moja, hafiki Kasongo. Christophe hakuwa mtu mbaya, alikuwa mwoga, na katika kazi ya polisi tofauti yenyewe mara nyingi haionekani. Alikuwa na askari wachache na kituo cha udongo chenye paa la nyasi, na watu wa nje walikwisha kumwambia kwamba nyasi zinashika moto upesi. Alitaka msichana afie mbali na yeye.

"Nipe jina lingine kabla ya jua kufika utosini," alimwambia Régina. "Jina, Mama Inspekta. Si swali. Ukikosa jina, weka sahihi."

Msichana huyo aliitwa Hidaya. Alikuwa binti wa marehemu ndugu yake Antoine, na mwaka huo alikuwa ameanza masomo kwenye chuo kimoja cha ualimu huko Kasongo. Alikuwa amerudi nyumbani kwa ajili ya matanga ya bibi yake. Asubuhi ya siku ile Antoine alimwambia kwamba masomo yameisha, abaki nyumbani, na Hidaya akamjibu mbele ya watu kwamba atasoma hata kama yeye baba mukubwa hatakuwa hai kuliona jua la siku hiyo. Jioni Antoine alikuwa maiti. Watu wengi wamepelekwa jela kwa maneno machache kuliko hayo.

Lakini kilichomkaba Hidaya hasa hakikuwa maneno yake. Kilikuwa kwenye ukuta wa kituo, kimeandikwa kwa mkaa, kwa mwandiko mzuri wa mwalimu. Mwandishi alikuwa bado amesimama pale, mikono nyuma, akiangalia kazi yake. Huyu alikuwa Théophile, aliyefundisha utangulizi wa falsafa kwenye chuo hicho hicho cha Hidaya. Mke wake alikuwa wa ukoo wa Antoine, naye mwenyewe alikuwapo kwenye matanga tangu mwanzo. Alikuwa ameandika hivi:

Aliyetia sumu ni mmoja wa waliogusa kikombe.
Waliogusa kikombe ni watatu: mgema, aliyeonja, aliyebeba.
Mgema na aliyeonja walikunywa, na ni wazima.
Basi ni aliyebeba.

Régina alisoma mara ya kwanza akitafuta kosa, akasoma mara ya pili kwa hasira kwa sababu hakuliona. Mambo yote yalikuwa yamekaa mahali pake. Huko kwao hakuna anayekunywa kitu alichopewa kabla ya mtoaji kukionja, tena kutoka kikombe kile kile, mbele ya macho yake, awe Mkristo au Mwislamu, kiwe pombe au maji. Sumu imeua watu wengi mno katika nchi ile, au imesingiziwa, na watu wamejitafutia kinga. Siku ile Michel alikunywa kutoka kibuyuni. Fabrice, kwa kuwa ni mdogo wa mwenye matanga, alimimina kwenye kikombe cha Antoine, akaonja, akampa Hidaya. Hidaya, kwa kuwa ni binti wa nyumba, akakibeba kuvuka ua akapiga magoti mbele ya Antoine. Yeye hakuonja.

"Hii si maneno ya barabarani, Mama Inspekta," alisema Théophile. "Hii ni logiki. Ukikubali mistari mitatu ya juu, wa ine unakulazimisha. Hata mimi ulinilazimisha, na yule ni mwanafunzi wangu."

Hakulisema kwa huzuni. Régina alikuwa amesikia huko Kasongo kwamba mwalimu huyu alimfukuza Hidaya darasani mara mbili kwa kumkatiza, na kwamba mara zote mbili Hidaya ndiye aliyekuwa na haki. Hilo halikumfanya Théophile kuwa mwongo. Lilimfanya afurahie ukweli wake kupita kiasi.

Hidaya alikuwa kwenye kasho, chumba cha nyuma kisicho na dirisha, mikono imefungwa kwa kamba. Midomo yake ilikuwa imekauka. Hakusimama Régina alipoingia.

"Ulibeba kikombe?"

"Nilibeba."

"Ulionja?"

"Mi ni Mwislamu, Inspekta. Sionji pombe."

"Jibu hilo linakuumiza."

"Najua. Dini yangu imekuwa ushahidi."

Régina alimuuliza habari za ugomvi wa asubuhi. Hidaya akakubali kila neno, kisha akamuuliza yeye, kwa sauti ya ukali isiyomfaa mfungwa, ni watu wangapi waliotoa maneno ya hasira kwenye matanga yale ya siku tatu, na kama wote wamefungwa kamba. Régina akamwambia hapo anayeuliza ni polisi. Hidaya akabinua midomo.

"Umesikia kilichoandikwa ukutani?" Régina akauliza.

"Alisoma kwa sauti ili nisikie. Alitusomesha hii hoja mwaka huu, mwanzo kabisa." Hidaya alilamba midomo. "Alisema hoja iko na vitu mbili vya kupima. Kwanza umbo lake: mambo ya chini yanatoka kweli kwa yale ya juu? Pili, yale ya juu yenyewe ni kweli? Umbo la ile ya ukutani ni zima. Kama waliogusa ni watatu, ni mimi. Hakuna pa kutorokea."

"Basi unakiri."

"Nimesema kama."

Régina alikuwa amesafiri siku nzima kwenye matope kwa ajili ya huyu, na huyu anamsahihisha.

"Sikiliza, mutoto. Nje kuna watu wenye mapanga. Lusangi kuna wengine. Mimi ndiye peke yangu niliye kati yako na wao. Kama unajua kitu, sema."

"Sijui nani aliua baba mukubwa. Ningejua ningesema siku ile ile." Hidaya alimsogelea kidogo. "Mwalimu alitupa mufano. Nyumba iko na milango mbili. Wa mbele umefungwa. Basi mwizi alipita mulango wa nyuma. Tukakubali wote, darasa zima. Halafu akatuuliza: na dirisha je? Inspekta, nani alihesabu hii mikono mitatu? Wote wanasema watatu kwa sababu wote walisikia watatu. Niko naomba muhesabu tena. Ni hilo tu."

Régina alitoka bila kumjibu. Pale mlangoni alimuuliza Théophile, kama kwa mzaha, na dirisha je? Mwalimu akabadilika uso, maana aliutambua mfano wake mwenyewe na akajua umetoka wapi.

"Kikombe hakina dirisha," alisema.

Ua wa Antoine haukuwa mbali na kituo. Régina alikwenda kwa miguu, na watu waliokuwa wamekaa barabarani wakampisha taratibu mno, kila mmoja akingoja hadi amguse ndipo avute mguu. Aliwahoji waliokuwapo mmoja mmoja, nyuma ya nyumba, mbali na masikio ya wengine. Katekista akasema Michel alikunywa, Fabrice akaonja, Hidaya akabeba. Jirani akasema Michel alikunywa, Fabrice akaonja, Hidaya akabeba. Wa tatu alianza kusema na Régina akammalizia. Mashahidi wakikubaliana sana, mpelelezi mzuri huacha kufurahi. Watu hawa hawakuwa wakikumbuka tena. Walikuwa wakikariri ukuta.

Fabrice alimpokea vizuri. Alimpa kiti, akamlilia kaka yake kwa machozi ya kweli, akajibu kila swali bila kukasirika, na katika nyumba ile ya watu wenye hasira utulivu wake ulikuwa kama kivuli cha kupumzikia. Kuhusu shimo la Salamabila alisema hakuna ugomvi wowote, kaka yake alikuwa akitania tu. Kuhusu kikombe alisema kama wenzake, akaongeza kwamba hakukaa nacho hata kidogo, alionja akakitoa mkononi mwake palepale. Régina aliangalia jua. Lilikuwa limebakiza kidogo, na jina hana.

Mjane, Mama Olga, ndiye aliyeona kwamba mgeni ana kiu. Alikuwa hampendi Régina na alikwisha kumwambia hivyo usoni, kwamba serikali inamlisha muuaji wa mume wake. Lakini mgeni ni mgeni. Alichota maji mtungini, akayaonja, akapangusa ukingo wa kikombe kwa pindo la kitenge chake, akampa. Régina alikunywa yote. Ndipo akabaki ameshika kikombe kitupu.

"Mama Olga, umefanya nini sasa hivi?"

"Nimekupa maji."

"Kabla ya kunipa?"

"Nimeonja. Unafikiri ninataka kukuua?"

"Na katikati ya kuonja na kunipa?"

Olga hakuelewa. Alifikiri Inspekta analalamika kwamba kikombe ni kichafu, akakivuta kwa hasira, akaenda kuleta kingine, akachota, akaonja, akapangusa, akampa. Hakujiona. Ni adabu tu. Huwezi kumpa mtu mate yako. Kila mtu anafanya, tangu utotoni, na kwa hiyo hakuna anayelitaja, kama vile hakuna anayesimulia kwamba alipumua.

Régina alitaka sana kumuuliza papo hapo: na Fabrice, je, alipangusa? Akajizuia. Shahidi akiulizwa hivyo atajibu ndiyo, hata kama hakuona, kwa kuwa kila mtu hupangusa. Na neno lenyewe lingefika kwa Fabrice kabla ya yeye kuinuka kitini. Isitoshe, dirisha si mwizi. Michel naye alipangusa kibuyu chake bila shaka, na katekista angepangusa. Alichohitaji si kuambiwa. Alihitaji kuona.

Alirudi kituoni akamwambia Christophe anataka tukio lirudiwe pale uani, kwa kikombe kile kile, waliokuwapo wote wawepo, na Hidaya aletwe abebe. Christophe akakataa. Régina akamwambia basi aandike kwa mkono wake kwamba alimzuia mpelelezi aliyetumwa na mwendesha mashtaka wa Kasongo. Christophe akakubali, akimlaani kwa sauti ya chini. Watu wa nje ndio waliokubali upesi. Walitaka kumwona msichana akibeba kikombe. Walijua itakuwa kama kukiri.

Hidaya alipoingizwa uani, mikono imefungwa mbele, kulipita mguno. Mtu alitema mate karibu na miguu yake. Askari wawili walisimama kila upande wake, wakiogopa kuliko yeye, na Régina akasema kwa sauti ya juu kwamba atakayemgusa msichana atapanda pikipiki pamoja naye. Halafu akaeleza anachotaka. Atamwita mtu mmoja mmoja kushika nafasi ya mwonjaji. Amimine maji, afanye alivyoona Fabrice akifanya siku ile, ampe Hidaya. Hakuna zaidi.

Wa kwanza alikuwa katekista. Akamimina, akaonja, akapangusa ukingo kwa kiganja, akampa Hidaya. Régina hakusema kitu. Jirani akamimina, akaonja, akapangusa kwa mkono wa shati, akatoa. Kisha Régina akamwita Théophile, ambaye alikuwa amekuja kushuhudia ushindi wake. Mwalimu alisita, akaona kwamba kukataa kutakuwa fedheha. Akamimina, akaonja, akatoa kitambaa mfukoni, akapangusa vizuri, akampa mwanafunzi wake kikombe bila kumtazama. Hidaya alikitazama kitambaa hadi kiliporudi mfukoni. Alikuwa ameona. Régina akamkazia macho ili asifungue mdomo, na kwa mara ya kwanza msichana yule akatii.

"Sasa mwenyewe," alisema Régina. "Baba Fabrice, fanya kama siku ile."

Fabrice alisogea. Uso wake ulikuwa mtulivu. Alimimina maji hadi nusu. Alikiinua kikombe mahali ambapo wote wangeona, akanywa funda moja, akalimeza kwa sauti. Kisha akanyoosha mkono wake wazi, moja kwa moja, akampa Hidaya kikombe kinachong'aa mate.

Watu waligeuza nyuso. Hazikuwa nyuso za watu waliogundua jambo. Zilikuwa za watu walioona utovu wa adabu.

"Shemeji," alisema Olga kwa karaha, "unamupa mutu kikombe na mate yako?"

Fabrice alitabasamu, akasema amesahau, amechanganyikiwa na msiba.

"Hujasahau," alisema Régina. "Waliotangulia hawakukumbuka, na wote wamepangusa. Katekista, umepangusa kwa nini?"

Katekista aliangalia kiganja chake. Kilikuwa bado na unyevu. Akasema hakumbuki kupangusa. Jirani akakunja mkono wa shati lake akauangalia. Théophile hakugusa mfuko wake, lakini macho yake yalishuka huko.

"Watu wote wa hapa wanapangusa bila kuwaza," Régina akaendelea. "Ni mmoja tu aliyewaza, akaacha. Baba Fabrice, siku ile ulipangusa na nini?"

"Sikupangusa na kitu."

"Ulipangusa," alisema Olga. Alikuwa amekunja uso, kama mtu anayetafuta kitu sandukuni. "Ulipangusa na kitambaa cheupe. Kipya. Halafu ukakitupa kwenye moto wa jikoni, mi nilikuwa nageuza ugali. Nilikuuliza sababu ya nini unachoma kitambaa kizima, ukasema kimechafuka. Na Antoine alikuwa hajaanguka bado."

"Mama Olga," alisema Régina, "tumekuhoji mara ngapi? Mbona hukusema?"

"Mulinihoji nani aligusa kikombe. Nani aliniuliza habari ya kitambaa?"

Fabrice alisema kwamba mwanamke huyu amerukwa na akili kwa ajili ya msiba. Alilisema vizuri, kwa huruma, na labda lingepita, kama asingekuwa amekwisha kuanza kurudi nyuma kuelekea lango. Alirudi hatua chache tu. Vijana wenye mapanga walikuwa langoni, wale wale waliokuwa wakimsubiri Hidaya, na hawakuhitaji kueleweshwa mara mbili. Jiwe la kwanza lilimpata begani. Régina alimvuta kwa ukosi wa shati hadi ndani ya nyumba ya marehemu, akamsukumia chumbani, akasimama mlangoni na bastola ambayo hakuwahi kuipenda. Christophe, tumfikirie vizuri kwa mara moja, alikuja akasimama kando yake.

Iliwachukua muda mrefu kuwatuliza. Ukoo ule ule uliokuwa na uhakika asubuhi ulikuwa na uhakika mwingine sasa, mkubwa zaidi, na unaotaka damu ile ile. Mtu mmoja alipiga kelele kwamba Fabrice apelekwe Kasongo mara moja, kwa njia ya Lusangi, na wengine wakaitikia. Christophe alimtazama Régina kwa jicho la kuuliza. Akasema kwa sauti ya chini kwamba pikipiki ziko tayari, na huyu angalau ni wa kweli.

"Haondoki mutu," alisema Régina. "Kama sumu ilikuwa kwenye kitambaa, imeungua nacho, na mate kikombeni si ushahidi. Kesho tunapekua jiko, tunakwenda Salamabila kuuliza alinunua nini na kwa nani. Iliasi naye atahojiwa. Fabrice atakaa kasho mpaka nijue."

"Unamulinda muuaji," alisema Christophe.

"Asubuhi muuaji wako alikuwa mwingine."

Christophe akaenda kutuma mtu Lusangi waondoe magogo, na Régina hakuwa na hakika kama wataondoa.

Théophile alikuwa amebaki peke yake katikati ya ua. Watu walimpita bila kumsalimia, maana ukuta wake sasa ulikuwa unawaumbua wote. Alimwendea Hidaya, aliyekuwa bado amefungwa kamba kwa sababu katika vurugu ile hakuna aliyemkumbuka. Alikohoa. Akasema kwamba kosa lilikuwa kwenye mstari wa pili, kitambaa hakikuhesabiwa, kwamba hata yeye angeliona kama angepewa muda, na kwamba umbo la hoja lilikuwa sahihi kabisa.

Hidaya aliinua mikono yake iliyofungwa.

"Ningekufa kwa umbo sahihi," alisema.

Mwalimu akaondoka kwa haraka akiukanyaga unga uliomwagika katika vurugu bila kuuona. Régina alichomoa kisu akaikata ile kamba. Mikono ya msichana ilikuwa imevimba na imekwaruzika, na Régina aliona haya, akasema kwamba ana haya. Hidaya hakumwambia kwamba si kitu. Alijisugua vifundo vya mikono akitazama lango, ambako watu wa nyumba yake walikuwa wamesimama wakijifanya hawamuoni.

"Inspekta, niko na swali. Kama baba mudogo angepangusa kikombe leo, kama wengine, ungenitoa?"

Régina angeweza kumdanganya. Ingekuwa rahisi, na pengine ingekuwa huruma.

"Hapana," alisema. "Ningekuwa na swali, nisingekuwa na jina. Mama Olga asingeshituka, asingekumbuka kitambaa. Saa hii ungekuwa unafika Lusangi."

Hidaya alitikisa kichwa taratibu, kama anavyofanya mwanafunzi aliyepata jibu alilolitarajia.

"Basi aliyeniokoa ni yule," alisema, akaonyesha kwa kidevu mlango wa chumba ambako Fabrice alikuwa amefungiwa. Kisha akapita katikati ya jamaa zake hadi langoni. Mmoja wao, mwanamke yule wa kamba mpya, alimwita mwanangu, akamnyooshea mkono. Hidaya alisimama akautazama ule mkono, mgongo na kiganja, mpaka mwenyewe akaurudisha.